Karata Iliyoponyoka

Mtaa mzima ulimwita Bi Karata, na hata wale wachache waliowahi kulijua jina lake la kuzaliwa walikuwa wameshalisahau. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya saluni ya wifi yake, kimetengwa kwa pazia zito lenye madoa ya dawa ya nywele. Ndani mlikuwa na meza ndogo ya mbao, viti viwili visivyofanana na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Mteja akikaa alisikia mashine ya kukaushia nywele ikivuma upande wa pili na kicheko cha wifi kikipanda na kushuka. Si mahali ambapo mtu angetazamia kusomewa maisha yake. Lakini kwa miaka ishirini na miwili watu walikuja, wakavuta kiti, wakalia, wakafuta machozi, wakaenda zao.

Bi Karata alikuwa amechoka. Alilala akaamka na uchovu ule ule, kama nguo iliyoanikwa siku ya mawingu ikaanuliwa mbichi. Mtu akipita pazia, kabla hajafungua kinywa, yeye alishajua kuwa ni mume, au kazi, au mtoto asiyesikia, au ugonjwa. Mambo ya binadamu si mengi, yanabadilisha nguo tu. Zamani alikuwa akisikiliza kwa moyo. Sasa alisikiliza kwa shingo: anaitikia, anaitikia, huku akihesabu vichwa vilivyobaki kwenye benchi la nje.

Kazi aliifundishwa na shangazi yake. Shangazi alikuwa dobi wa mwanamke mmoja mgeni aliyeishi peke yake, na yule mwanamke alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia vitu vitatu: pasi, koti la mvua na karata za taroti. Pasi iliungua, koti likachanika, karata zikabaki. Zilikuwa sabini na nane, kila moja na picha yake: makombe, fimbo, sarafu, mapanga, na zile kubwa zenye watu na nyota na mnara unaoanguka. Shangazi alijifunza kuzisoma kidogo kwa kuelezwa na sana kwa kubahatisha, na alipozeeka akamfundisha mtoto wa kaka yake.

Alichosisitiza zaidi ni zile karata zinazotoka zenyewe wakati wa kuchanganya.

"Hizo ndizo zenye haraka," alikuwa akisema. "Mtu mwenye neno la muhimu hasubiri foleni. Ikidondoka moja, usiidake. Iache itue, kisha tazama ilivyolala. Imelala uso juu, neno lenyewe liko hadharani, mteja analijua ila anataka kulisikia kwa mwingine. Imelala kifudifudi, usiigeuze mpaka mwisho, maana kuna mtu analificha. Ikielekea kwa mteja ni yake. Ikielekea kwako, chunga mdomo wako. Zikitoka mbili pamoja, zisome kama mke na mume, moja inasema na nyingine inajibu."

"Na zikitoka tatu? Nne?"

"Huo ni uzembe wako. Okota, anza upya."

Kisha shangazi aliongeza jambo moja ambalo msichana hakulitilia maanani siku ile. "Kuna karata inayoruka na kuna karata inayoponyoka. Inayoruka isome. Inayoponyoka irudishe. Ukikosa kuzitofautisha, acha kazi, kafue nguo."

Kwa miaka mingi alizitofautisha, au aliamini hivyo. Katika mwezi mzima karata ya kuruka ilitokea mara mbili, tatu. Alipoiona mwili ulimsisimka, na mteja naye aliinama juu ya meza.

Halafu vidole vikaanza. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu uliopita, shina la kidole gumba cha mkono wa kulia. Asubuhi kiliamka kigumu kama msumari wenye kutu. Kufungua chupa ikawa kazi, kukamua nguo ikawa adhabu, na kuchanganya karata sabini na nane, zenyewe kubwa kuliko karata za kuchezea, ikawa mateso ya kutwa. Akifika katikati, gumba lilikwama, maumivu yakapanda hadi kiwiko, na karata moja ikachomoka ikaangukia mezani. Akichanganya tena, ikachomoka nyingine.

Hakumwambia mtu. Alijikaza kisabuni. Mara ya kwanza aliinua ile karata airudishe, lakini mteja, mwanamke muuza vitambaa, alimshika mkono.

"Hapana, Bi Karata! Imeruka yenyewe, nimeiona kwa macho yangu. Nisomee."

Akaisoma. Yule mwanamke akaondoka ameridhika kuliko wateja wote wa juma zima, na kesho yake akaleta dada zake wawili.

Wifi, ambaye hakuwahi kuiona biashara ikipita akaiacha ipite, aliichukua habari ile akaieneza kwa kila kichwa alichokisuka. "Nendeni kwingine mkadanganywe," alikuwa akisema huku amebana kitana mdomoni. "Kwa wifi yangu karata zinaruka zenyewe. Hata haziguswi na mtu, zinajileta!" Benchi la nje likajaa. Waliokuja kusuka walisomewa, waliokuja kusomewa walisuka. Na Bi Karata, aliyekuwa akihudumia watu wanne kwa siku, akawa anahudumia tisa, na kadiri alivyohudumia wengi ndivyo gumba lilivyozidi kuuma, na kadiri lilivyouma ndivyo karata zilivyozidi kuanguka. Sifa yake ilikuwa inakua kwa ugonjwa wake.

Alijua. Ndilo lililomchosha zaidi. Alikuwa anayasikia maumivu kwanza, kisha karata inaanguka, na hata mtoto mdogo angeweza kukuambia kipi kimemzaa mwenzake. Lakini mteja amekaza macho, nje wanasubiri saba, wifi anapiga kelele "anayefuata ajiandae!" Alisoma.

Jumanne moja mchana, mtu wa sita kwa siku ile, aliingia mwanamume wa miaka arobaini na kitu amevaa ovaroli ya buluu, grisi imemkaa kwenye kucha. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini kwa kosa. Alikuwa fundi wa lifti, mwenye kuzunguka kwenye majengo marefu ya mjini kuzitengeneza zinapokwama.

"Mimi si mtu wa mambo haya, mama," alisema. "Usinifikirie vibaya. Ni jirani yangu aliyenileta."

"Sifikirii kitu, mwanangu. Una nini?"

"Mama yangu ameanguka bafuni. Nyonga imevunjika. Yuko hospitali tangu Jumapili, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia. Madaktari wanataka kumpasua wamtie chuma. Ana miaka sabini na tisa. Mama mwenyewe amesema niamue mimi, na hospitali wanataka nitie saini."

"Na wewe unaonaje?"

Alitazama mikono yake. "Kaka yangu alikuwa na uvimbe hapa shingoni, mdogo kama punje ya harage. Aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, anatutania. Alitoka amefunikwa shuka. Tulibaki mimi na mama. Sasa niambie, mimi nitashikaje kalamu?"

Bi Karata alianza kuchanganya. Alikuwa ameshachanganya tangu asubuhi na mkono ulikuwa unawaka moto. Gumba lilikwama mapema kuliko kawaida, maumivu yakamchoma mpaka akauma meno, na karata ikachomoka ikateleza juu ya meza, uso juu, ikasimama mbele ya kifua cha fundi.

Yalikuwa Mapanga Kumi. Picha yake haihitaji mwalimu: mtu amelala kifudifudi chini, mapanga kumi yamemsimama mgongoni kuanzia kisogoni hadi kiunoni.

Fundi alirudi nyuma kiti kikalia sakafuni.

Siku nyingine Bi Karata alikuwa na maneno yake kwa karata ile, maneno mazuri. Alikuwa akisema: hapa maumivu yamefika kikomo, hakuna panga la kumi na moja, tazama kule nyuma anga linaanza kupambazuka. Yalikuwa maneno ya dakika kumi, ya kumshika mtu mkono na kumtoa kwenye picha ile polepole. Lakini mkono ulikuwa unamuuma mpaka machozi yalitaka kumtoka, mashine ya nywele ilikuwa inavuma kichwani mwake, na alichotaka ni yule mtu ainuke aende ili apumzishe kidole hata kidogo tu.

"Ni nzito hii," alisema. "Usikimbilie."

"Nisikimbilie?"

"Usikimbilie, mwanangu. Tafakari."

Basi. Fundi alishukuru, akatoka. Bi Karata aliuweka mkono ndani ya beseni la maji ya moto alilolificha chini ya meza, akafumba macho, na kabla hajahesabu hadi ishirini pazia likafunguliwa tena.

Ijumaa yake fundi alirudi. Hakuja kusomewa. Alikuwa na mfuko wa machungwa na uso wa mtu aliyetua mzigo.

"Nimekuja kukushukuru, mama yangu. Nimewakatalia."

"Umewakatalia akina nani?"

"Madaktari. Kila wakija na karatasi yao nasema bado. Jana yule mkubwa wao amenikaripia, anasema kila siku inayopita ni hatari, mara mapafu, mara vidonda vya mgongoni. Nikamwambia mimi nimeshajua ninachokijua." Akacheka kidogo. "Mama nimemwambia mashine ya upasuaji imeharibika, wanangoja kifaa. Asije akasononeka. Wewe umemwokoa mama yangu. Ile picha bado naiona kila nikifumba macho."

Bi Karata aliyapokea machungwa akayaweka mezani. Alitaka kusema pale pale. Alifungua mdomo. Lakini fundi alikuwa amesimama, kofia mkononi, anamtazama kwa imani ambayo watoto humtazama nayo mtu anayewavusha barabara, na neno halikutoka. Machungwa yalibaki mezani. Aliwaambia waliosubiri nje kuwa leo basi.

Alipopita saluni, wifi alikuwa anafagia nywele.

"Kuna nini? Nje kuna watu watano!"

Bi Karata alikaa kwenye kiti cha kusukia, mbele ya kioo, akamweleza yote. Kidole, beseni, karata zinazoponyoka, mama wa watu aliyefungwa kamba. Alisema akijitazama kwenye kioo, maana kumtazama wifi ilikuwa vigumu.

"Kesho nakwenda hospitali kumwambia," alimaliza.

"Wee! Ukajichongee?" Wifi alisimamisha ufagio. "Hebu fikiri kwanza. Mwambie tu umeota ndoto, au umezipanga upya zikasema atie saini. Mtu anatolewa shimoni kwa kamba ile ile aliyoingilia."

"Halafu akifa mezani? Nimwambie nini, nimeota vibaya?"

"Lakini ukisema ni kidole, unasema ni kidole kwa wote. Mwaka mzima na nusu. Hao wote waliokaa pale mbele!"

"Ndiyo, wifi."

Wifi aliendelea kufagia mahali palipokuwa pameshafagiliwa. Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake:

"Hata ile yangu? Ya mwalimu?"

Mwaka uliotangulia, mwalimu mmoja mstaafu, mjane, mtu wa kucheka taratibu, alikuwa amemposa wifi. Kwa utani tu wifi aliingia nyuma ya pazia asomewe. Karata ilianguka kifudifudi. Walipoigeuza mwishoni ikawa Mwezi, na Bi Karata akasema kuna jambo halionekani vizuri. Wifi alimkatalia mwalimu juma lile lile.

Bi Karata aliacha kujitazama kwenye kioo. Wifi alikwenda akawasha mashine ya kukaushia nywele, ingawa hapakuwa na kichwa chochote chini yake, akasimama pale akiitazama ikivuma.

Jumamosi asubuhi Bi Karata alipanda ngazi za hospitali hadi wodi ya wanawake. Mama yake fundi alikuwa kitanda cha karibu na mlango, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mguu umevutwa kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu na kuning'iniza uzito mwisho wa kitanda. Fundi alikuwa anamnywesha chai kwa kijiko. Alipomwona mgeni alisimama haraka, nusura amwage.

"Mama yangu! Umekuja kutuona!"

"Nimekuja kukuona wewe, mwanangu. Tutoke nje kidogo."

"Kuna nini?"

"Tutoke tu."

"Mnatoka kwenda wapi?" aliuliza mgonjwa. "Kilichovunjika ni nyonga, masikio yangu mazima. Kama ni langu semeni hapa hapa, nami nina haki ya umbea."

Bi Karata alikaa kwenye kiti cha wageni. Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimtoka kichwani yote, akasema yale yaliyobaki.

"Mwanao alikuja kwangu kuuliza kuhusu upasuaji wako. Mimi nasoma karata. Moja ilianguka, mbaya. Akaogopa, akakataa kutia saini. Lakini ile karata haikuruka. Ilinitoka. Vidole vyangu vinauma, mama, havishiki. Karata zinaniponyoka siku nzima. Nami nilikuwa nimechoka, nikamjibu neno la mkato nisilolifikiri. Hiyo ndiyo hali."

Kitanda cha pili mtu alikohoa.

"Si kweli," alisema fundi. Uso ulikuwa umemsawijika. "Mama, umetishwa. Madaktari wamekufuata? Wamekwambia nini?"

"Hakuna aliyenifuata."

"Niliiona mwenyewe! Ilikuja moja kwa moja kwangu. Karata sabini na nane, kwa nini iwe ile?"

"Moja ingetoka tu, mwanangu. Ingetoka yoyote."

"Na hii mashine iliyoharibika?" aliuliza mama yake taratibu.

Fundi alitazama sakafu. Muuguzi aliyekuwa anapima joto kitanda cha jirani aligeuka. "Mashine gani, bibi? Mashine nzima. Sisi tunangoja saini tangu Jumatatu."

Bibi kizee alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. Hakukasirika, au kama alikasirika aliiweka hasira pembeni kwa ajili ya siku nyingine. Kisha akamgeukia Bi Karata.

"Lete mkono."

Bi Karata aliunyosha. Yule mama aliushika, akabonyeza shina la gumba, na Bi Karata akaruka kitini.

"Umekwenda kwa daktari?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu."

"Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe kazi yako kuwaambia watu kesho yao, na mkono wako mwenyewe huna habari nao." Aliendelea kuushika. "Sasa nijibu moja, maana mimi sina pa kwenda. Kabla vidole havijaanza kuuma. Zilikuwa zinaruka kweli?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. Yeye mwenyewe, usiku na mchana kwa mwaka na nusu, alikuwa amelizunguka swali lile kama mtu anavyozunguka shimo barabarani.

"Sijui, mama," alisema. "Nilidhani zinaruka."

"Haya. Afadhali hujui." Akamwachia mkono. "Na wewe, baba, njoo hapa. Ulikwenda kumuuliza mtu mwenye karata. Mbona hukuniuliza mimi?"

"Ulisema niamue."

"Nilisema uamue kwa sababu nilikuwa na maumivu nimechoka kusema. Sikusema ukaamue na mtaa."

Fundi alianza kulia, kilio cha mtu mzima ambacho hakijui pa kutokea. "Kaka aliingia kwa miguu yake, mama. Kwa miguu yake."

"Najua. Nilimzaa mimi." Alimshika mwanawe mkono. "Mimi hata kuingia kwa miguu yangu siwezi. Wanisukume. Nikitoka nimetoka, nikibaki nimebaki, lakini kulala hapa naning'inizwa kama nyama buchani sitaki. Muuguzi! Lete hiyo karatasi. Na kalamu inayoandika."

Alitia saini mwenyewe, amelala, karatasi juu ya kifua. Herufi zilipanda juu kama zinakwea mlima. Fundi alitia ya kwake chini yake bila kusema neno. Bi Karata alipoaga, bibi alimpungia mkono. Fundi hakugeuka.

Upasuaji ulifanyika Jumatatu, ukaenda vizuri. Ila zile siku za kungoja zilikuwa zimeacha deni lake: kidonda kilimfunguka mgongoni, na mapafu yakaingia maji. Mtu ambaye angelala hospitali siku kumi alilala wiki tano. Bi Karata alikwenda kumtazama mara mbili, akamkuta mara ya kwanza ana homa, mara ya pili anamgombeza muuguzi kuhusu chai, jambo lililomfariji. Mara ya tatu fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi.

"Mama amelala," alisema.

Nyuma yake sauti ya bibi ilikuwa inasikika wazi, inahadithia jambo. Bi Karata alielewa. Akamwachia ndizi alizoleta, akashuka ngazi.

Habari zilizomfikia baadaye ni kwamba yule mama alirudi nyumbani na anatembea kwa fremu ya chuma, kutoka kitandani hadi jikoni, kutoka jikoni hadi kibarazani. Si kama zamani. Lakini anatembea.

Bi Karata naye alikwenda kwa daktari hatimaye. Ilikuwa ni kusagika kwa kiungo, alichoambiwa akipumzishe, avae bangili ngumu ya kushikilia gumba, na kila wiki aje afanyishwe mazoezi ya mkono. Kuchanganya karata akaacha. Alizimwaga mezani zote kifudifudi, mteja akazikoroga mwenyewe kwa viganja, akachagua. Hakuna kilichoanguka. Na kila aliyeuliza kwa nini alielezwa ukweli: kidole.

Watu hawakupenda. Baadhi walisema amezeeka, wengine wakasema karata zimemsusa kwa sababu ya maovu fulani aliyoyafanya, na muuza vitambaa alihamia kwa mganga wa mtaa wa tatu ambaye yai lake linazunguka lenyewe. Waliobaki walikuwa wachache, wa kuja kukaa zaidi kuliko kusomewa. Mtu akileta ugonjwa, Bi Karata alimuuliza kwanza daktari amesemaje, na kama hakuwa amekwenda, hakugusa karata. Benchi la nje likapata nafasi ya kuwekewa ndoo za maua.

Alitegemea wifi angemlaumu. Wifi hakumlaumu. Siku moja tu, akiwa anamsuka mteja, alisema bila kugeuka:

"Nilimpelekea salamu mwalimu."

"Ee?"

"Kaoa. Mwezi wa tatu sasa." Akavuta uzi, akafunga fundo. "Basi. Nimepunguziwa kufua soksi za watu."

Mteja alicheka. Wifi naye alicheka. Lakini siku ile hakuimba hata wimbo mmoja, na jioni alifunga saluni mapema akasema kichwa kinamgonga. Bi Karata alimpikia, wakala pamoja. Alitaka kuomba radhi, lakini radhi ya kitu kama kile unaianzia wapi? Aliosha vyombo kwa mkono mmoja. Wifi akaja akamtoa kwenye beseni kwa kiwiko, akaosha vilivyobaki.

Kliniki ya mazoezi ilikuwa ghorofa ya sita katika jengo la zamani. Miezi mitano baada ya ile Jumamosi ya hospitali, Bi Karata alifika asubuhi akakuta lifti imefunguliwa, mwanga umewashwa ndani, na mtu mwenye ovaroli ya buluu amepiga magoti anakaza skrubu chini ya kitufe. Alitaka kurudi nyuma achukue ngazi. Fundi aliinua kichwa akamwona.

Walitazamana. Fundi alikusanya vifaa vyake, akavirudisha kwenye mkoba kimoja kimoja, akasimama, akaushika mlango kwa mkono ili usijifunge.

"Inafanya kazi," alisema. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya sita."

Aliingia. Fundi naye aliingia, akabonyeza. Lifti ilipanda ikilalamika. Kati ya ya tatu na ya nne Bi Karata aliuliza:

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anasumbua."

"Nisalimie."

Mlango ulipofunguka fundi aliushika tena mpaka mwanamke mwenye bangili ngumu alipotoka na kufika salama kwenye kiti cha kwanza cha korido. Kisha akaachia, akashuka kwenda kumaliza kazi yake.